Daftari la Wateja na Daftari la Mitambo

 

Ndugu wasomaji, miongoni mwa maswali yanayotufikia siku hizi baada ya darsa, lipo moja ambalo huenda wengine wakalistaajabia katika ukurasa huu: je, mwenye duka au kampuni ya familia anunue programu gani ya kompyuta, ile ya kusimamia mahusiano na wateja, au ile ya kusimamia huduma za mitambo ya teknolojia? Wauzaji huzitaja kwa herufi tu, CRM na ITSM, na aghalabu mfanyabiashara hutoka mkutanoni akiwa ameonyeshwa picha nyingi za rangi, wala hajui bado ni kitu gani anachouziwa. Tumeona yafaa kujibu kwa urefu, kwani fedha zinazotumika ni za familia nzima, na kwa kuwa ndani ya mojawapo ya programu hizi mna jambo la dini ambalo wauzaji hawalitaji.

Programu ya wateja si mgeni pwani, ila amevaa nguo mpya. Wazee wetu wa maduka ya jumla walikuwa na daftari nene chini ya kaunta, limeandikwa jina la mteja, alichochukua, na siku aliyoahidi kulipa. Walilishika kwa agizo: aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, yawataka waumini waliandike deni la muda maalumu, aliandike mwandishi mwadilifu, na wawepo mashahidi. Katika miaka ya 1990 Wamarekani walilitia daftari la namna hii ndani ya kompyuta. Kampuni ya Siebel ilianzishwa mwaka 1993, nayo ikaja kununuliwa na Oracle mwaka 2006. Mwaka 1999 Marc Benioff na wenzake wakaanzisha Salesforce mjini San Francisco, na jambo walilolileta ni kwamba programu haikununuliwa tena ikawekwa dukani. Ilikodishwa kupitia intaneti, ukailipia kama unavyolipia nyumba ya kupanga. Ndiyo maana hadi leo unapouliza bei huambiwa ni kiasi fulani kwa kila mtumiaji kwa kila mwezi, tena kwa dola.

Ndani yake mna nini? Mna jina la mteja na simu yake, alichonunua, alichoulizia asikipate, aliyezungumza naye mara ya mwisho, na ahadi aliyopewa. Karani akienda likizo, mwenzake hufungua na kuona kwamba mteja wa Malindi aliahidiwa bei mpya ya mabati Jumatatu. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, kuhifadhi ahadi.

Programu ya pili ina asili nyingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Uingereza iliona kwamba ofisi zake zinatumia fedha nyingi kwa kompyuta, na kila ofisi ina mtindo wake wa kuzihudumia. Idara yake ya kompyuta na mawasiliano ikakusanya mwongozo katika vitabu vinavyojulikana kwa jina la ITIL. Katika vitabu hivyo ndimo zilimotoka istilahi ambazo programu za namna hii huzitumia mpaka sasa, na kampuni kama ServiceNow, iliyoanzishwa na Fred Luddy katika jimbo la California, ikazijengea programu.

Mafunzo hayo yana faida hata kwa asiyenunua kitu, nasi twapenda kuyaeleza kidogo. Wenye fani hiyo hutofautisha baina ya hitilafu na tatizo. Printa ya kaunta ikigoma kutoa risiti, hiyo ni hitilafu: fundi huja, akaiamsha, na kazi ikaendelea. Ikigoma mara nne katika mwezi mmoja, hapo pana tatizo, yaani chanzo kilichojificha, pengine umeme unaopanda na kushuka, pengine waya uliopitishwa mahali pa maji. Fundi anayesifiwa kwa kuja haraka kila mara huenda ndiye asiyewahi kutafuta chanzo. Kadhalika husisitiza kwamba badiliko lolote liandikwe: nani amebadilisha nini, siku gani, na kwa idhini ya nani. Jumamosi asubuhi ankara za eTIMS zikikataa kwenda KRA, mwenye daftari hilo hutazama kilichoguswa Ijumaa jioni badala ya kugombana na keshia.

Tena hutakiwa ijulikane huduma ipi inategemea nini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna fundi wa mtaani awezaye kupiga mbizi. Lakini aliyekwisha kuandika kwamba malipo yake yanapitia njia hii na simu zake zinapitia ile, anajua awaambie nini wafanyakazi wake.

Basi mkanganyiko unatoka wapi? Unatoka katika neno moja, tiketi. Programu zote mbili hupokea malalamiko, zikayapa namba, zikamkabidhi mtu, zikahesabu saa. Kwa macho ya mgeni zafanana kama pacha. Tofauti i katika anayelalamika. Katika ya kwanza ni mteja aliye nje ya kaunta, aliyetoa fedha yake akapewa ahadi. Katika ya pili ni mfanyakazi aliye ndani, ambaye kifaa chake kimemkatalia. Kampuni ya Freshworks, iliyoanzishwa mwaka 2010 mjini Chennai, India, yauza Freshdesk kwa malalamiko ya wateja na Freshservice kwa malalamiko ya wafanyakazi. Zoho, nayo ya India, ina Zoho CRM upande mmoja, na upande wa pili ina ServiceDesk Plus chini ya jina la ManageEngine. Lau kama kitu kingekuwa kimoja, wenyewe wasingekitengeneza mara mbili. Ni kweli kwamba wakubwa wa Marekani wameanza kuingiliana mashamba, huyu akiuza cha yule. Hilo ni shindano lao, wala halibadilishi haja ya duka lako.

Walitujia ndugu wawili, warithi wa duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi matatu, wakitaka tuwasuluhishe. Mkubwa alitaka programu ya wateja. Mdogo, aliyesomea kompyuta, alikwisha kuzungumza na muuzaji wa ile ya mitambo. "Sheikh, kaka anataka kuandika watu, nami nataka mashine zisisimame," alisema mdogo. "Ni nani kati yetu aliyekosea?" Tuliwauliza mashine ni ngapi. Zilikuwa kompyuta tisa, printa tano, na fundi mmoja wa kuitwa. Tukawauliza tena: marehemu baba yenu alipofariki, mlijuaje anayewadai na mnayemdai?

Hapo walinyamaza wote wawili. Mzee wao, Allah amrehemu, alikuwa na kumbukumbu ambayo soko zima liliisifu, na ndiyo iliyokuwa daftari lake. Wapo wadeni waliokuja wenyewe matangani kuungama deni, Allah awalipe kheri, wapo walionyamaza. Lililokuwa zito zaidi ni kinyume chake: wateja waliokwisha kulipa nusu ya bei ya nondo na saruji ambazo hazijafika, na hapana aliyejua ni wangapi. Hayo ni madeni ya maiti. Nanyi mwajua utaratibu wa sheria yetu, kwamba baada ya gharama za maziko hulipwa madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Watoto wale hawakuweza kugawa kitu kwa muda wa miezi, na dada zao waliokuwa wakisubiri haki yao walianza kudhani wanafichwa.

Kwa duka la namna hiyo jawabu halina shaka. Wanahitaji daftari la wateja, na la mitambo laweza kuwa karatasi ya mistari iliyobandikwa karibu na rauta: tarehe, kifaa, hitilafu, aliyetengeneza. Akizidi kutaka, mdogo mtu aweza kuanza na Jira Service Management ya Atlassian, kampuni ya Australia, ambayo ina daraja la bure kwa wahudumu watatu, au GLPI, programu huria iliyoanzia Ufaransa. Zoho CRM nayo ina daraja la bure la watumiaji watatu. Hapana haja ya kusaini mkataba wa mwaka kabla ya kujua kama makarani watakubali kuandika. Lakini hospitali, chuo, sacco yenye matawi, hoteli kubwa, au wakala wa kutoa mizigo bandarini mwenye wafanyakazi mia waliotawanyika, hao mashine ikisimama kazi yote husimama, na programu ya mitambo kwao si anasa.

Tahadhari moja ya kitaalamu: programu ya wateja si kitabu cha hesabu. Yahifadhi mazungumzo na ahadi. Deni lenyewe na malipo yake mahali pake ni katika programu ya hesabu, nazo mbili zioane. Tumeona wanaoandika madeni katika sehemu ya maelezo, na mwisho wa mwaka hakuna awezaye kuyajumlisha.

Sasa tufike kwenye jambo la dini tulilolidokeza. Sehemu hiyo hiyo ya maelezo ndiyo ya hatari. Karani mchovu huandika pale: huyu msumbufu, huyu amemwacha mkewe, huyu ana ugonjwa asikopeshwe. Zamani maneno hayo yaliishia kibarazani. Leo yanakaa katika seva ya nchi ya mbali, yanasomwa na kila aliyepewa nywila, na mtu mwenyewe hayajui. Surat al-Hujurat, aya ya 12, yakataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana, wala hatuoni hoja ya kusema kwamba usengenyaji ukichapwa kwa kibodi huwa ni biashara. Kuandika kwamba mteja amechelewesha malipo mara tatu ni haki ya mwenye duka, kwani ni jambo la muamala na lina ushahidi. Kuandika yasiyohusu muamala si haki yake. Na tukumbuke katika sira kwamba usiku wa Hijra, ilhali watu wa Makka wanataka kumuua, Mtume (s.a.w.) alimwacha Sayyidna Ali ili azirejeshe amana zao. Namba ya simu na siri ya nyumba ya mtu ni amana vilevile.

Serikali nayo imelitungia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yampa mteja haki ya kuomba aonyeshwe kilichoandikwa juu yake, na kutaka kisahihishwe au kifutwe. Basi kabla hujaandika neno, fikiri siku mteja atakapolisoma mbele yako. Taarifa zake zikivuja kwa namna ya kumdhuru, Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Faini yaweza kufika shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Mwenye mauzo ya chini ya shilingi milioni tano kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi amesamehewa kujisajili, ila shule, hospitali na hoteli hujisajili hata zikiwa ndogo. Na aliyesamehewa usajili hakusamehewa sheria yenyewe. Kumtumia mteja matangazo ya bei kila Ijumaa kwa sababu tu alikuachia namba siku aliyonunua kopo la rangi kunahitaji ridhaa yake pia.

Kuhusu malipo, kampuni nyingi hutaka kadi, na wengine hutoa kadi ya mkopo ambayo ikichelewa hutozwa riba. Itumike kadi inayokata fedha iliyopo katika akaunti, na isomwe ile ibara ya mkataba kujifungua upya wenyewe mwaka ukiisha. Wengi hawaioni mpaka wamekatwa.

Lililobaki ni maswali mawili ya kumuuliza muuzaji kabla ya kutia sahihi. La kwanza: siku tukiondoka, tutaweza kuichukua orodha yote ya wateja wetu katika faili la kawaida, bila kulipia? Akisitasita, mshukuru na umsindikize mlangoni. La pili: nywila kuu inakaa kwa nani? Isiwe kwa fundi, wala isiwe katika kichwa cha mtu mmoja kama lilivyokuwa daftari la yule mzee. Iandikwe, itiwe katika bahasha pamoja na wasia wa mwenye biashara, ifungwe mbele ya mashahidi wawili, na kila nywila inapobadilishwa bahasha nayo ibadilishwe.