Gome la Mwiria na Tezi Dume

Fikicha jani la mwiria ulinuse: utasikia harufu ya lozi chungu. Harufu hiyo huambatana na sianidi, sumu inayotoka jani linapopondwa, kwa hiyo mti huu si wa kuchezea jikoni.

Mwiria (Prunus africana) ni mti wa misitu ya nyanda za juu, kuanzia Kamerun hadi Mlima Kenya, Kilimanjaro na Madagaska. Gome lake jeusi lililopasukapasuka huchemshwa au kusagwa, na wazee wamelinywa kwa homa, maumivu ya kifua, tumbo na shida za mkojo. Hilo la mwisho ndilo lililovuka bahari. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza ya dawa ya tezi dume itokanayo na gome hilo, na magome yakaanza kusafirishwa Ulaya kwa tani.

Je, linasaidia? Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2002 yalijumuisha majaribio 18 na wanaume 1,562. Waliopewa dawa hiyo waliamka usiku kukojoa kwa pungufu ya 19%, na mkojo unaobaki kibofuni ulipungua 24%. Nafuu ipo, ingawa ni ya kiasi, na majaribio mengi yalidumu muda mfupi. Saratani ni jambo jingine kabisa, na dalili zake hufanana na za uvimbe wa kawaida wa tezi dume. Mzee akapimwe kwanza, chai ya gome ije baadaye.

Binafsi sina ugomvi na mganga. Ugomvi wangu ni na panga. Chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kupitia gome la ndani. Ukilibandua kuzunguka shina lote, mizizi inakufa njaa, na mti unaanza kunyauka kutoka kileleni. Mvunaji makini hubandua vipande viwili vinavyotazamana, asiguse utando laini ulio juu ya mbao, maana hapo ndipo gome jipya huota. Wenye haraka huukata mti wote. Ndiyo maana tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Ukitaka kuupanda shambani, toa nyama ya tunda na uzike mbegu zingali mbichi, kwani zikikaa kabatini zinakufa. Gome la kuvuna utalisubiri miaka 12 hadi 15.