Kiswahili cha Maniema na Ubadilishanaji wa Wanafunzi

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Hatua hiyo imerahisisha ubadilishanaji wa wanafunzi, lakini suala la lugha halijatatuliwa. Kijana wa Obokote, katika jimbo la Maniema, huzungumza Kiswahili, ilhali chuoni husomeshwa kwa Kifaransa. Akienda Makerere au Nairobi hufundishwa kwa Kiingereza. Lugha anayoshirikiana na wenzake hubaki nje ya ukumbi wa mihadhara.

Kiswahili kilienea Maniema katika karne ya 19 kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani, walioweka vituo Nyangwe na Kasongo. Huko kikajipatia sura yake, iitwayo Kingwana. Kwa mfano, udogo huonyeshwa kwa viambishi ka- na tu-: katoto, tutoto, pale Kiswahili sanifu kisemapo kitoto, vitoto.

Kwa hiyo ubadilishanaji usiwe wa upande mmoja. Mwanaisimu wa Dar es Salaam naye ana la kujifunza Kindu, mradi wenyeji wawe watafiti wenza, na nakala za data zibaki kwao.