Je, Wajua? Ufa Mdogo Hutikisa Pikapu Nzima

Je, wajua kwamba ufa mwembamba kama uzi kwenye mpira wa hewa wa injini unaweza kuitetemesha pikapu ya zamani inaposimama huku injini ikiwaka, ilhali mtetemo huohuo hupungua au hutoweka mara dereva anapokanyaga mafuta?

• Katika silensa, yaani mzunguko wa chini wa injini isiyokanyagwa mafuta, kilango cha kabureta hukaribia kufungwa, na hewa inayovutwa kupitia ufa huwa sehemu kubwa ya hewa yote, hivyo mchanganyiko hupungukiwa petroli na silinda huweza kushindwa kuuwasha.

• Injini ya 22R ya Toyota Hilux, yenye silinda 4 na kabureta, ikizunguka mara 750 kwa dakika huwasha mafuta mara 25 kila sekunde; silinda moja ikishindwa kuwasha, mapigo 6 hivi hukosekana kila sekunde, na usukani hutikisika.

• Fundi huitambua silinda yenye hitilafu kwa kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpini wa mpira: silinda nzima ikikatwa, injini hulegea, lakini iliyokufa ikikatwa, mngurumo haubadiliki.

• Plagi nayo hutoa ushahidi, kwa kuwa ncha ya kahawia hafifu huashiria uunguaji mzuri, masizi makavu meusi huonyesha petroli imezidi, na weupe hudokeza hewa imezidi, dalili inayomrudisha fundi kwenye ule ufa.