Land Cruiser ya zamani haiwaki? Usikimbilie pompu

Kwenye barabara ya Bunia–Mahagi, kukwama usiku ni hatari. Shofere anazungusha ufunguo, starteri inazungusha motere, mazuti yamo kwenye tanki, lakini gari haiwaki. Wengi wanashitaki pompu, kitu cha bei kubwa.

Land Cruiser za mazuti za motere 1HZ ziko na vali ndogo ya umeme kwenye pompu hiyo. Bila umeme inajifunga, mazuti hayapiti.

Weka kontakte, sikiliza: vali inapaswa kulia “tak”. Ikinyamaza, pima waya wake kwa taa ndogo. Taa ikiwaka, vali ndiyo imekufa. Isipowaka, tafuta fizibo iliyoungua ao waya uliokatika. Ikilia, angalia filtre na hewa kwenye bomba. Pompu ifunguliwe mwisho.