Sukari ya mnazi huharibikia mtini kabla ya kufika mpakani

NAKAWA, Kampala – Kwa mnunuzi wa Kampala, sukari guru ni ya miwa. Hutoka kwenye mitambo midogo ya Busoga, na sehemu yake huishia kwa wapika waragi. Hao hawasumbuliwi sana na rangi wala ulaini wa kipande, kwa kuwa wataichachusha. Mfanyabiashara anayefikiria kuleta sukari ya utomvu wa mnazi kutoka Kilifi, Kwale au Tanga, aiuze Soko la Nakawa kama chakula, anaingia biashara nyingine kabisa. Hapa mteja anaonja, ananusa na kubonyeza kwa kidole.

Utomvu unapodondoka kutoka kwenye karara huwa na sukari ya asilimia 12 hadi 16 hivi. Watu wa pwani wanajua kinachofuata: tembo tamu la asubuhi huwa kali ifikapo jioni. Mgema wa tembo anaitaka chachu hiyo, lakini mgema wa sukari hana adui mkubwa kuliko huyo. Uchachu ukianza, sukari yenyewe huvunjika kuwa glukosi na fruktosi, ambazo hazigandi vizuri na hunyonya unyevu wa hewani. Ndiyo sababu kipande kilichokuwa kigumu Mombasa hufika Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, kikiwa kimelowa na kunata kwenye gunia. Hapo mtaji umekwenda.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzalishaji lihusu kibuyu. Je, huoshwa kila mara na kukaushwa? Mabaki ya jana ni chachu ya leo. Wazalishaji wengi wa Asia hupaka chokaa kidogo ndani ya chombo ili kuzuia uchachu. Ni chokaa safi, kama ile inayoliwa na tambuu. Ikipungua haisaidii. Ikizidi, sukari huwa nyeusi na kuacha ladha ya chokaa mdomoni. Mvua nayo ikiingia kwenye chombo huongeza maji, na maji mengi maana yake ni kuni nyingi na muda mrefu motoni.

Utomvu uchujwe na uingie jikoni ndani ya saa chache, usisubiri wa mti wa mwisho. Kilo moja ya sukari huhitaji takriban lita saba au nane. Mwanzoni moto unaweza kuwa mkali, na povu liondolewe, mwishoni upunguzwe. Rojo likifika nyuzi 118 hadi 120 hivi za Selsiasi, tone lake hujikunja kuwa kidonge kigumu kwenye maji baridi. Likipikwa zaidi huungua na kuwa chungu. Likiondolewa mapema, unyevu hubaki ndani na ukungu hufuata. Kufunga sukari kwenye nailoni ikiwa bado ya moto ni kosa la haraka ya soko, na ni la kawaida mno.

Kuna pia udanganyifu wa kuchanganya sukari ya miwa, kwa kuwa ni rahisi. Jicho haliwezi kuugundua. Maabara yenye vifaa maalumu inaweza.

Mpakani, mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya humhudumia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Lakini cheti cha asili hueleza bidhaa imetoka wapi. Hakisemi ni safi. Alama ya ubora ya KEBS au TBS ndiyo yenye uzito huo, na Sheria ya Viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inataka nchi wanachama zitambuliane alama hizo. Anayetaka kusindika upande huu anaweza kubisha hodi Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda, iliyopo hapa hapa Nakawa.

Kabla ya kulipia mzigo, chukua vipande vitatu kutoka magunia tofauti, uviache mezani siku mbili bila kufunika. Kimoja kikilowa, punguza bei au ondoka. Kingine kiyeyushe kwenye glasi ya maji, utazame kinachobaki chini.