Kabla ya Kuhamia Dodoma: Hesabu ya Kodi Mbili

Tangu Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake Dodoma mwaka 2016, familia nyingi za Dar es Salaam zimeifuata, na nyingine zingali zinafunga mizigo. Tunaulizana sana kuhusu kodi, na neno hilo lina sura mbili.

Kodi ya Serikali haibadiliki kwa kuhama. Makato ya mshahara ni yale yale Bara nzima. Kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni wajibu wa mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Makubaliano ya kuirejesha yaandikwe katika mkataba.

Kodi ya pango ndiyo hutikisa familia. Ikidaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, juu yake gari la mizigo, wengi hukimbilia mkopo wa riba. Tunaona ni heri baba atangulie na chumba kimoja. Hata hivyo, watoto wakisubiri mwaka wa shule uishe Desemba, majiko huwa mawili, na nauli ya kilometa 450 hivi kila aendapo kuwaona.

Mama, ajuaye matumizi ya jikoni, ashike daftari kabla mkataba haujasainiwa. Aulize maji hutoka siku ngapi kwa wiki katika mtaa ule, na bei ya nazi na samaki wa bahari, maana huko hakuna pwani. Aandike na mablanketi: usiku wa Juni na Julai Dodoma ni wa baridi.