SOMO LA AFYA: UVIMBE WA NADRA CHINI YA UBONGO

Leo twasoma habari za uvimbe wa kichwani uitwao kraniofaringioma. Ni wa nadra: kwa mwaka hauzidi watu wawili hivi katika kila milioni. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 14, na watu wazima waliopita miaka 50.

Uvimbe huu si saratani, hauambukizi, wala si kazi ya mchawi. Huota karibu na tezi ya pituitari, ambayo ni ndogo kama njegere, lakini ndiyo mnyapara wa tezi nyingine mwilini. Hapo jirani hupita mishipa ya macho. Basi uvimbe ukikua, mtoto huumwa kichwa, hutapika, haoni vizuri vya pembeni, na huacha kurefuka.

Mkiona dalili hizo, mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Songea. Upasuaji wa ubongo hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na tiba ya mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, zote za Dar es Salaam. Mara nyingi daktari hawezi kuutoa uvimbe wote bila kudhuru macho au ubongo. Hutoa sehemu, na mabaki hupigwa mionzi.

Je, baadaye? Penye matibabu mazuri, zaidi ya wagonjwa 80 katika 100 huwa hai baada ya miaka 10. Lakini kupona huku si mwisho wa dawa. Tezi ikiharibika, mgonjwa humeza hidrokotisoni na thairoksini maisha yake yote. Wengine hunenepa sana, wala si kwa ulafi. Uvimbe nao waweza kurudi; kwa hiyo picha za kichwa na vipimo vya macho huendelea kwa miaka mingi.

Shikeni sana neno hili: hidrokotisoni haikatizwi hata siku moja. Mgonjwa akipata homa, kipimo huongezwa kama daktari alivyoagiza. Akitapika dawa, apelekwe hospitali mara moja akapigwe sindano. Kuchelewa kwaweza kumwua. Hesabuni vidonge kabla havijaisha.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini mgonjwa aliyepasuliwa huendelea na dawa?
2. Mtoto wa namna hiyo akishikwa na malaria usiku, mtafanya nini?